Uzi maalum: Sababu za kunywa waini mwaka mzima, Januari mpaka Desemba (tuanze na zabibu zetu za Dodoma)

Mjukuu wa Chilonwa:
Wakuu habari za jumapili.

Nimeona niulete huu uzi maana kuna tabia inanikera. Waini watu mmeifungia kwenye harusi na Krismasi. Chupa inanunuliwa tarehe 24 Desemba, inafunguliwa 25, ikibaki inamiminwa kwenye sufuria ya nyama, basi mpaka mwakani. Mimi nimezaliwa Dodoma, nimekulia kwenye mizabibu, na leo nataka niwape sababu za kila mwezi ili asiwepo mtu wa kusema hakuwa na sababu.

Sababu ya kwanza kabisa inabeba zote. Ulaya mzabibu unavunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia Agosti hivi mpaka Oktoba, baada ya hapo baridi inaingia, majani yanapukutika na mti unalala mpaka joto lirudi. Afrika Kusini nao wanavuna mwanzoni mwa mwaka mpaka Aprili, wamemaliza. Sasa njoo Dodoma. Hatuna theluji, mzabibu haupati nafasi ya kulala, mkulima akipogoa na maji yakiwepo basi baada ya miezi kama minne vichala vimeiva, ndio maana sisi tunavuna mara mbili, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Mti wenyewe haupumziki, wewe mnywaji unapumzika umefanya kazi gani?

Haya twende.

Januari. Ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba, kila mtu kanuna. Huu ndio mwezi wa kuchanga watu wanne chupa moja. Chupa ya kawaida ni mililita 750, ukimimina glasi za mililita 150 unapata tano kamili. Kila mmoja anapata yake na ile ya tano anapewa mwenye watoto wengi shuleni. Hapo mmeshiriki mzigo wake kuliko mngempa pole mdomoni.

Februari. Joto la Dar mnalijua. Valentine imeangukia katikati ya mavuno yetu na mimi naamini kabisa mzabibu unaunga mkono ndoa. Maua utampa, sikatai, lakini keshokutwa yameshalala kichwa. Waini mkiifungua mkanywa nusu, mkaifunika vizuri ikakaa kwenye friji, siku tatu mbele bado mnaongea nayo, na kwenye ndoa hizo siku tatu za kuongea ni kitu kikubwa sana aisee.

Machi kuna Siku ya Wanawake tarehe 8. Nenda shambani wakati wa kuchuma uone akina mama walivyo wengi kwenye mistari ya mizabibu. Glasi ya siku hiyo ni yao.

Aprili ndio usiseme. Pasaka mara nyingi inaangukia humo, Muungano tarehe 26, na wabunge wanakuja kwenye Bunge la bajeti, lodge zinajaa mji mzima. Mgeni akija Dodoma ukampa soda ya chupa kama aliyoiacha kwao, utakuwa umemkaribisha wapi sasa?

Mei Mosi: mshahara ukipanda unakunywa kwa furaha, usipopanda unakunywa kwa mshikamano. Juni bajeti kuu inasomwa, na pale wanapofika kwenye ushuru wa vinywaji nyumba yetu inakuwa kimya kuliko penati ya Simba na Yanga, maana waini iliyotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani imekuwa ikiwekewa ushuru mdogo kuliko inayotoka nje, na sisi tunataka ibaki hivyo. Julai mosi ni mwaka mpya wa serikali. Kama mwaka mpya wa Januari mnaugongeshea glasi, huu mwingine umewakosea nini?

Agosti sasa. AGOSTI WAKUU. Nanenane viwanja vya Nzuguni na mavuno ya pili yameanza, yaani unatoka kuangalia ng'ombe na trekta unakutana na zabibu ya asubuhi ile ile imewekwa kwenye ndoo, bado ina vumbi lake. Mtu ambaye hajala zabibu ya Makutupora imetoka kuchumwa bado ana deni na maisha. Hapo unakula zabibu mchana, jioni unakaa na mbuzi choma na waini nyekundu iliyotoka kijiji cha jirani, na upepo wetu wa Dodoma unavuma. Sina sherehe nyingine ninayoipenda hivi.

Septemba haina sikukuu kubwa, na hiyo ndio sababu yake. Oktoba ni kukumbuka 14 Oktoba, Siku ya Mwalimu Nyerere, na sisi wa Dodoma tunakumbuka pia 1973 TANU walipoamua makao makuu yahamie kwetu. Novemba tumeshapogoa, tunaangalia machipukizi na mawingu. Desemba hamhitaji mwalimu.

Angalizo: ni kwa waliofika miaka 18, mjamzito hapana, dereva hapana, boda zipo. Karibuni muongeze sababu zenu.

Fundi Bomba:
Nimeweka kiti mbele kabisa 😂 Mkuu mimi niko Mbagala, Februari nyumba ya bati ni tanuri. Waini ile nyekundu ya moto moto nimeshindwa. Naruhusiwa kuweka barafu au nitafukuzwa mjini?

Mjukuu wa Chilonwa:
Weka barafu mkuu, weka kwa amani. Kwa joto lenu chukua nyeupe, iweke friji mpaka chupa itoe jasho, kama nyuzi 8 mpaka 12 hivi. Hata nyekundu wanaposema inywewe kwa joto la chumba wanamaanisha vyumba vya kwao Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18, siyo chumba cha Mbagala chenye 32. Nusu saa ya friji inaiweka sawa kabisa. Na ukitaka kufurahisha wageni wengi kwa chupa moja, katia machungwa, nanasi na embe kwenye jagi, mimina waini, weka barafu, ongeza soda nyeupe kidogo. Embe la Desemba na Januari likikutana na waini ya Dodoma hiyo ni sababu inayojitegemea.

Kijana wa Mpunguzi:
Mimi ni mkulima, niongezee ya upande wa shamba maana wengi hamjui chupa inaanzia wapi.

Sisi tunaanza na kuchimba mitaro, samadi, nguzo na nyaya, halafu kupogoa. Baada ya kupogoa hulali. Kuna ubwiri unga, ule ugonjwa unaofanya zabibu kama imepakwa unga, usipopiga salfa mapema umeisha. Kuna ndege, na hao wanajua siku ya kuiva kabla yako. Ikishaiva haisubiri. Mahindi unaweka ghalani unangoja bei, zabibu ukichelewa siku chache imelainika, nyuki wameingia, mnunuzi anakuangalia kwa jicho la huruma ya bei ndogo.

Ndio maana wengi tunasindika wenyewe au kwenye vikundi, tunapata mchuzi wa zabibu, unakaa kwenye matanki mpaka kiwanda kije kuchukua. Na hapa ndipo sababu yangu ilipo. Kiwanda hakichukui mchuzi mpya kama mchuzi wa msimu uliopita bado umelala kwao, na umelala kwa sababu nyie mnakunywa Desemba tu. Mavuno ya Machi yanataka watu wa Aprili, Mei, Juni na Julai. Mkinywa kwa kalenda ya Krismasi mimi tanki langu halina pa kwenda. Kwahiyo mkuu wa Mbagala ukifungua chupa mwezi wa tano jumatano isiyo na maana yoyote, jua kuna tanki Mpunguzi limepata nafasi, na watoto wangu mimi wamepata ada.

Fundi Bomba:
Dah hii ya tanki imeniingia. Jumatano nafungua.

Dada wa Makambako:
Mnaongea joto joto, njooni huku Juni na Julai muone. Asubuhi unatoa mvuke mdomoni, maji ya bomba yanauma meno, jua linatoka limechoka. Huku glasi ya waini nyekundu usiku pembeni ya jiko la mkaa ni vazi la ndani kabisa, mengine yote ni nyongeza. Mume wangu alikuwa mtu wa bia, Julai bia ya baridi imemshinda mwenyewe bila ugomvi, sasa tunakaa wote tunakunywa kitu kimoja tunaongea habari moja. Baridi imetupatanisha. (Mkiwasha jiko la mkaa acheni dirisha wazi jamani, ile hewa yake inaua.)

Mswahili wa Köln:
Salaam kutoka Ujerumani. Dada wa Makambako nina zawadi yako.

Huku mwishoni mwa Novemba masoko ya Krismasi yanafunguliwa barabarani, na watu wanasimama kwenye baridi wakinywa waini ya moto, inaitwa Glühwein. Unachukua waini nyekundu ya bei ya kawaida tu, mdalasini, karafuu, maganda ya chungwa na sukari, unapasha taratibu kwenye moto mdogo. Usiache ichemke, kilevi kinaanza kuruka kwenye nyuzi 78 hivi na ladha inaharibika. Ikianza kutoa mvuke inatosha, funika kidogo viungo vikolee, mimina kwenye kikombe cha chai.

Mara ya kwanza kuinusa nilikaribia kulia, ni harufu ya karafuu ya nyumbani Pemba kabisa na nilikuwa mbali hivyo. Sasa Julai yenu ya Makambako ndio Desemba yetu ya huku. Karafuu mnayo, mdalasini mnao, waini inatoka Dodoma hapo jirani. Sisi tunasubiri mwisho wa mwaka, nyie anzeni mwezi wa sita.

Na alichosema mleta uzi kuhusu mizabibu kulala ni kweli mtupu. Ukipita kando ya mto Mosel mwezi wa kwanza unaona vijiti vikavu tu mlima mzima. Ukiwaambia watu wa huku kwamba kwetu tunavuna mara mbili wanaweka glasi chini kwanza wakuangalie.

Dada wa Makambako:
Kaka Mungu akubariki, nimenakili. Karafuu ngapi kwa chupa moja?

Mswahili wa Köln:
Tano sita tu, karafuu ina nguvu, ukizidisha itakuwa dawa ya jino.

Mtumishi wa Kizota:
Bwana asifiwe wapendwa. Nami nina neno. Arusi ya Kana, Yohana sura ya pili, waini iliisha katikati ya sherehe. Bwana akasaidia, akageuza maji ya mabalasi sita ya mawe kuwa waini. Wanaofuatilia vipimo vya zamani wanakadiria kila balasi lilichukua kati ya lita 80 na 120. Pigeni hesabu kwa kipimo cha chini tu, ni lita 480, ukigawa kwa chupa za leo ni chupa 640. Na hiyo ni baada ya ile ya kwanza kuisha! Mimi nikifikiria kamati za harusi zetu zinavyobishana kuhusu kreti, najua pale Kana mwenye harusi alitoka ameinua kichwa. Hiyo ni sababu ya kila jumamosi yenye harusi, na Tanzania harusi hazina msimu.

Halafu Paulo alimwandikia Timotheo atumie waini kidogo kwa ajili ya tumbo lake, Timotheo wa kwanza sura ya tano. Neno kidogo limo mle mle, tulichukue lote kama lilivyo.

Kwa ndugu zetu Wakatoliki, sheria ya Kanisa kanuni ya 924 inataka divai ya misa iwe ya asili, ya zao la mzabibu, isiyoharibika. Misa ipo karibu kila siku ya mwaka. Kwahiyo mwaka mzima sio jambo jipya, wamisionari walioleta mizabibu Dodoma walikuja na kalenda hiyo mkononi.

Shangazi wa Makorora:
Assalaam alaykum wanangu. Mimi situmii kilevi na sitotumia, ila nimesoma uzi wote nimecheka peke yangu. Je sisi tusiokunywa hatuna sehemu kwenye furaha hii? Huyu kijana wa Mpunguzi nataka nimsaidie tanki lake.

Mjukuu wa Chilonwa:
Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Nafasi yako ipo na ni kubwa. Zabibu mbichi za Dodoma zinauzwa kwa kula, na hizo zinamlipa mkulima papo hapo bila kungoja kiwanda. Nunua msimu wa Agosti, osha, gandisha kwenye friza, mtoto akitoka madrasa mpe badala ya aiskrimu, hatokuuliza tena habari ya aiskrimu. Juisi yake saga, chuja, inywe siku hiyo hiyo ikiwa baridi. Na zabibu kavu kwenye pilau la Idi mnazijua kuliko sisi.

Shangazi wa Makorora:
Marahaba mwanangu. Kwenye pilau hapo umeongea. Ndoo moja nakula na majirani.

Wa Naivasha:
Niaje majirani. Mnaongea kana kwamba mizabibu iko Dodoma peke yake 😀 Huku kwetu Naivasha tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, kuna shamba la mizabibu pale Morendat na ndiko waini ya Leleshwa inatoka. Usiku huku ni baridi mchana jua kali, na hiyo ndio raha ya zabibu.

Sababu zetu Kenya ni hizi: Juni mosi Madaraka, Oktoba 20 Mashujaa, Desemba 12 Jamhuri, na kila siku ambayo Nairobi imepiga baridi ya Julai mpaka watu wanavaa koti ndani ya matatu. Lakini sababu yangu kubwa ni mbuzi. Mbuzi choma na kachumbari yenye pilipili ukiiwekea waini nyekundu iliyo drai, yaani isiyo tamu, ile ukali wake inakata mafuta mdomoni, unarudi kwenye nyama kama ndio unaanza. Na Kenya mbuzi hana mwezi.

Kijana wa Mpunguzi:
Jirani karibu sana. Mbuzi wa Dodoma na waini ya Naivasha, nakubali tubadilishane.

Mzee wa Takwimu:
Mmesahau sababu kubwa kuliko zote. Waini nyekundu ni dawa ya moyo. Glasi mbili kila siku unaishi miaka 100. Andikeni hiyo ya kwanza.

Mjukuu wa Chilonwa:
Mzee wangu shikamoo. Hii naomba tusiiweke. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya, na waini imo. Mimi naipenda waini kwa moyo wangu wote na ndio sitaki mtu aanze kunywa kila siku akidhani anameza tembe. Sababu tulizoweka humu ni za kicheko, chakula, watu na mkulima wa kwetu. Hizo zinatosha, na zinatosha kwa glasi moja au mbili ukiwa na wenzako. Ukitaka dawa ya moyo tembea kutoka Nkuhungu mpaka Nyerere Square, ukifika hapo tutakunywa moja.

Mzee wa Takwimu:
Marahaba. Nimekuelewa. Basi yangu iandikeni hivi: wajukuu wakija likizo ya Juni wananisimulia mambo, na mimi nikiwa na glasi mkononi nasikiliza bila kuwakatiza. Bibi yao ndiye ameiona hiyo.

Binti wa Sinza:
Hahaha babu umetisha. Mimi swali: bia nikiwa na elfu tano napata, waini chupa inanikimbia. Halafu nyingine chungu nyingine tamu kama sharubati, naanzia wapi?

Mjukuu wa Chilonwa:
Dada anza na tamu, usione aibu hata kidogo. Watu wengi Tanzania wameingilia kwenye Dompo, ni tamu na nzito, kijiglasi kidogo na karanga za kukaanga jioni imekamilika. Ukishazoea sogea kwenye nyeupe ya Chenin Blanc, ina uchangamfu wa limao, inaenda na samaki na kuku wa kuchoma. Halafu ndio uje kwenye nyekundu drai na nyama. Ule ukavu unaokubana ulimi unatoka kwenye maganda na mbegu, maana nyekundu inachachuliwa pamoja na maganda yake, rangi na ukali vinatoka huko, nyeupe wanakamua juisi kwanza maganda yanaachwa pembeni.

Bei: usinunue peke yako. Rudi kwenye hesabu ya Januari, wanne chupa moja. Waini ni kinywaji cha kuchangia, ukiiweka kwenye mizani ya chupa moja mtu mmoja kama bia lazima ikukimbie.

Binti wa Sinza:
Nina mashoga watatu, tupo wanne kamili. Ya tano ni yangu maana mimi ndio nimeuliza swali.

Fundi Bomba:
Wakuu mwezi wa nane tukutane Nzuguni? Treni ya SGR inaondoka Dar asubuhi, kabla ya mchana tuko Dodoma, hakuna haja ya kuendesha gari, na jioni kurudi tunasinzia kwenye kiti.

Kijana wa Mpunguzi:
Njooni na ndoo tupu zenye mfuniko. Zabibu msiziweke kwenye mfuko wa plastiki zikabanana, zitafika Dar zimekuwa mchuzi tayari. Tandika gazeti chini, panga vichala kwa mkono, usijaze mpaka juu. Asubuhi na mapema ndio muda wa kuchuma, jua likishapanda zinapata joto hazisafiri vizuri.

Shangazi wa Makorora:
Mimi ndoo mbili. Na mniandalie juisi, treni ya hapo Dar nitaipandia na mwanangu, Tanga mpaka Dar nakuja na basi.

Mjukuu wa Chilonwa:
Shangazi umeshaandikwa. Watakaokuja wajiandikishe hapa chini, jina na idadi ya ndoo. Mbuzi ni mimi. Wa Naivasha lete chupa mbili za kwenu.

Wa Naivasha:
Niweke. Chupa tatu, moja ni ya yule mzee na bibi yake.